UZI: Vitamini kwenye sahani ya Bukavu – dalili za upungufu, kazi ya sufuria, na vidonge vya farmasi

#1 LisheKadutu (mwanzisha uzi)

Bandugu, jambo. Mtu akitaja vitamini, maswali yanayorudi ni yale yale: dalili hii ni ya upungufu gani, chakula gani cha sokoni kwetu kinayo, na dawa inahitajika lini. Nafungua uzi na vitamini A kwa sababu ndiyo inayopofusha watoto. Wenye ujuzi wa jiko, wa shamba na wa dawa waongezee.

Kwanza neno lenyewe. Vitamini ni vitu ambavyo mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo mno lakini hauwezi kujitengenezea vya kutosha. Ziko 13: A, C, D, E, K, na nane za kundi B. Chuma, zinki na iodini ni madini, ingawa kwenye maboksi ya farmasi vinachanganywa humo humo. A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na mwili unaweza kuziweka akiba. A inakaa kwenye ini. C na za kundi B huyeyuka majini, kwa hiyo ukimwaga maji ya mboga nazo zimekwenda. Zikizidi mwilini nyingi hutoka na mkojo. Mtu akimeza multivitamini kisha akakojoa njano ya kung'aa, anayoiona ni B2 inayotoka. Ini lake halina neno, na dawa haijamsafisha damu.

Sasa A. Dalili ya kwanza huonwa na mama nyumbani kabla ya daktari. Mtoto anakimbia vizuri mchana kutwa. Giza likianza kuingia, taa bado haijawashwa, anaanza kupapasa ukuta, anakanyaga sahani iliyo mbele yake, anang'ang'ania nguo ya anayepita, au anakaa tu pale pale mkekani akiitwa. Asubuhi anaona kama kawaida. Hatua hii ikitibiwa inapona kabisa.

Ikiachwa, weupe wa jicho unapoteza ung'avu, unakauka na kujikunja. Baadaye, upande wa jicho unaoelekea sikio, linatokea doa la kijivu lenye povu, kama sabuni iliyokaukia pale. Linaitwa doa la Bitot. Hatua ya mwisho ni kioo cha jicho kulainika na kutoboka, na mtoto mwenye surua anaweza kufika huko kwa siku chache. Hapo jicho halirudi tena.

Kuzuia: kapsuli kila baada ya miezi 6. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anapewa ya buluu, yuniti 100,000. Wa miezi 12 hadi 59 anapewa nyekundu, yuniti 200,000. Ncha inakatwa, mafuta yanakamuliwa mdomoni. Kutibu ni habari nyingine: mwenye dalili za macho anapewa dozi ya umri wake siku ya kwanza, siku inayofuata, na ya tatu baada ya wiki mbili. Surua pia inadai dozi siku mbili mfululizo hata kama macho ni safi, kwa sababu surua inakausha akiba ya A haraka.

#2 Mama_wa_Sombe

Aksanti sana Papa LisheKadutu. Niko na swali juu ya mawese. Wamama benyi banaichoma mpaka inakuwa nyeupe, banasema inatosha harufu na tumbo haiume. Ile vitamini inabakia mule?

#3 JikoLaNyawera

Mama, haibaki. Rangi nyekundu ya mawese ndiyo karotini yenyewe, na mwili unageuza karotini kuwa vitamini A. Ukiona mafuta yameacha wekundu na kuanza kutoa moshi wa buluu, ulichobakiza ni mafuta ya kukaangia tu. Inaniuma kusema hivi, maana chupa ya mawese ni dawa ya macho ya bei nafuu kuliko zote kwetu, na tunaiunguza wenyewe.

Fanya hivi. Weka mawese katika sufuria kwa moto wa makaa yaliyotulia, si wa ndimi. Yakishakuwa mepesi na kuanza kunukia, tia kitunguu hapo hapo. Maji ya kitunguu yanazuia joto lisipande sana. Kitunguu kikilainika, mimina mboga. Kama unachukia harufu ya mawese mabichi, hii inatosha kuiondoa. Ukitaka kupima, dondosha tone kwenye sahani nyeupe: likiwa la chungwa lililokolea, bado iko. Kwa mtoto mdogo, kijiko kimoja au viwili vya chai vya mawese mekundu kwenye sahani yake kila siku ni msaada mkubwa. Chupa ikae kabatini, isikae dirishani, kwa sababu mwanga nao unakula karotini.

Kuhusu sombe: majani ya muhogo yana karotini nyingi, lakini yana pia sumu ya sianidi. Kutwanga ndiko kunakoifungua sumu itoke. Twanga mpaka nyuzi zisionekane, weka katika maji yanayochemka, na sehemu ya kwanza ya kupika acha sufuria wazi ili ile hewa ya sumu iende zake. Vitamini C itakufa kwa saa zote hizo motoni, hilo tulikubali. Karotini inavumilia kuchemshwa, na kwa kuwa haiyeyuki majini, hata ukimwaga maji ya kwanza haiendi nayo. Sombe bila mafuta ndiyo hasara: karotini inapita tumboni bila kushikwa, kwa sababu inahitaji mafuta ya kuibeba.

Lenga-lenga, yaani mchicha, ni kinyume chake. Osha majani yakiwa mazima, kata baada ya kuosha. Maji nusu kikombe yanatosha fungu kubwa, funika, dakika 5 hadi 8, maji yaliyobaki yawe mchuzi. Na tafadhali, bikarbonati iachwe. Inafanya mboga iwe ya kijani ya kupendeza na maharagi yaive haraka, lakini inaua B1 na C. Maharagi yaloweke usiku kucha, yataiva bila bikarbonati.

#4 Fundi_wa_Mulima_Kabare

Naongeza ya shambani. Viazi vitamu vyeupe ndani havina karotini ya kuhesabu. Vya rangi ya chungwa ndani vinayo tele: gramu 125 hivi, kiazi kimoja cha wastani, zinatosha A ya siku nzima ya mtoto wa chini ya miaka mitano. Ngozi ya nje isikudanganye. Kuna chenye ngozi nyekundu na ndani ni cheupe kama chaki. Mwombe muuzaji akikate kimoja.

Muhogo nao upo wa njano, na maharagi yaliyochaguliwa kwa kuwa na chuma na zinki nyingi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu kimefanya kazi hiyo ya mbegu kwa miaka, na anayetaka mbegu aulizie huko kabla ya kununua sokoni mchanganyiko asioujua.

Kukausha mboga kwa ajili ya kiangazi: tandika kivulini penye upepo, usitandike juani juu ya bati. Majani yaliyokauka juani yanageuka rangi ya majani makavu, na karotini nyingi imeondoka nayo. Yaliyokauka kivulini yanabaki kijani. Yaweke kwenye chombo kisichopitisha mwanga.

#5 Muuguzi_Bagira

Niingie kwenye kundi B, ambako watu wanakosea hadi mgonjwa anapotea.

Bugali ya muhogo pekee ni wanga. Inashibisha, inatia nguvu, lakini vitamini B1 iliyomo ni kidogo sana. Mchele mweupe uliokobolewa nao umeachia B1 yake kwenye pumba. Mwishoni mwa karne ya 19, kule Java, Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, na waliolishwa wenye ganda wakipona. Ugonjwa huo kwa watu ni beriberi. Mtu mzima anaanza kwa ganzi na moto kwenye nyayo, misuli ya shavu la mguu inauma ikibonyezwa, na akichuchumaa hawezi kuinuka bila kushika kitu. Aina nyingine inavimbisha miguu na kuchosha moyo. Wanywaji wa kila siku wa pombe kali wako hatarini zaidi.

Linalotisha ni beriberi ya mtoto wa miezi miwili mitatu anayenyonya mama asiye na B1. Mtoto anaonekana mnene, ghafla anapumua kwa shida, na kilio chake kinapoteza sauti: mdomo unafunguka, machozi yanatoka, sauti haisikiki. Huyo ni wa kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Atibiwe yeye na mama yake.

B3 inahusu zaidi walaji wa mahindi, kwa hiyo ndugu zetu wa Lubumbashi na bukari yao wasikilize. B3 ya mahindi ipo, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuitoa. Wenyeji wa Meksiko huchemsha mahindi yao na chokaa, na hiyo inaifungua. Sisi hatufanyi hivyo, basi bukari lazima ipate mwenzake: karanga, maharagi, samaki, nyama. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikula mahindi, karanga zikakatika kwenye mgao wao, na zaidi ya watu 18,000 wakapata pelagra.

Pelagra unaitambua kwa ngozi. Inakuwa nyeusi, kavu, inayopasuka, na inakaa pale jua linapopiga tu: mikono yote miwili kwa usawa, juu ya miguu, na shingoni kama mkufu. Ukikunja mkono wa shati, mpaka unaonekana umechorwa kama kwa rula. Hapo ndipo inapotofautiana na ukurutu au fangasi, ambavyo havifuati nguo. Kisha kunafuata kuhara, halafu kuchanganyikiwa akili. Wengine wanapelekwa kuombewa au wanasemwa wamerogwa, na kumbe tiba ni nikotinamidi miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa mara tatu, kwa wiki tatu au nne, pamoja na B nyingine, chini ya uangalizi wa kituo cha afya.

Na wenye kifua kikuu: isoniazidi inapunguza B6. Ganzi ya nyayo ikianza, usiache dawa ya TB. Rudi uulize piridoksini. Miligramu 10 kwa siku ni za kinga, 25 kwa aliye hatarini zaidi, kama wajawazito, wenye kisukari na wenye VVU.

#6 Kijana_wa_Essence

Muuguzi, swali la haraka. Mtoto akivimba miguu na uso, nywele zikawa za rangi ya mahindi, hiyo ni vitamini gani?

#7 Muuguzi_Bagira

Mdogo wangu, hiyo ni bwaki, yaani utapiamlo mkali wa kuvimba, na nashukuru umeuliza. Siropu ya vitamini haiiponyi, na kila siku inayopotea kwa siropu ni hatari. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, hesabu sekunde tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, peleka. Pia utepe wa kupimia mkono, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya milimita 115 ni nyekundu, peleka hata kama havimbi, 115 hadi chini ya 125 ni njano, naye anahitaji kufuatiliwa.

Jambo moja ambalo hata jamaa wenye nia njema wanalikosea: mtoto wa bwaki asipewe siropu ya chuma siku za mwanzo, ingawa ana weupe wa viganja. Mwili wake bado hauwezi kuihimili, na vijidudu vinaitumia kabla yake. Chuma kinaongezwa akishaanza kula na kupanda uzito.

#8 Farmasi_Ibanda

Sasa upande wa vidonge. Asidi foliki, yaani B9, ndiyo ninayoomba msome polepole.

Uti wa mgongo wa mtoto unafungika ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, wakati wengi hawajajua wana mimba. Kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 400 kinaanza kabla, na kinaendelea. Tangu mimba ijulikane, kliniki wanatoa chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na mikrogramu 400 za foliki kila siku.

Tatizo ni hili: madukani kuna vidonge vya foliki vya miligramu 5. Hizo ni zaidi ya mara 12 ya mikrogramu 400. Mjamzito anapomeza sulfadoksini-pirimetamini pale kliniki kwa ajili ya kuzuia malaria, dawa hiyo inafanya kazi kwa kukata foliki ya kijidudu. Foliki ya miligramu 5 inaidhoofisha dawa, na mama anabaki bila kinga. Ile ya mikrogramu 400 haina shida hiyo. Geuza boksi, soma: 0.4 mg ndiyo yako, 5 mg muulize daktari kwanza.

Chuma na chai haviketi pamoja. Chai na kahawa hushika chuma tumboni kisinyonywe, basi acha saa moja kabla na saa moja hadi mbili baada ya chakula au kidonge. Ukimeza na pera, chungwa au maracuja, C inakisaidia kuingia. Pera lina C mara kadhaa kuliko chungwa, na ni la bei ya chini kuliko vidonge vya kuyeyusha vinavyotoa povu kwenye glasi. Kinyesi kikiwa cheusi usitishike, ni chuma kilichobaki.

Na si kila upungufu wa damu ni wa chuma au vitamini. Malaria na minyoo ya safura vinamaliza damu hapa kwetu. Pima kwanza.

Mjamzito asinunue kapsuli nyekundu ya A ya yuniti 200,000 kwa kudhani anaimarisha mtoto. Mwisho wake ni yuniti 10,000 kwa siku au 25,000 kwa wiki, na ni pale tu mahali penye upungufu. Ikizidi, hasa miezi mitatu ya kwanza, inaweza kumharibu mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo maini asiyale kila siku. Mawese hayana hatari hiyo. Mwili unageuza karotini kadiri unavyohitaji.

#9 Mama_wa_Sombe

Na sindano ya vitamini je? Watu banasema kidonge haina nguvu kama sindano.

#10 Farmasi_Ibanda

Mama, kwa mtu anayekula na asiyetapika, kidonge kinafika. Sindano ina kazi yake: beriberi kali, B12 isiyonyonywa tumboni, na vitamini K kwa mtoto mchanga. Hiyo ya mwisho msiikatae kamwe. Miligramu 1 pajani baada ya kuzaliwa inazuia kutokwa damu kitovuni, tumboni na hata kichwani, kwa sababu mtoto anazaliwa na K kidogo sana na maziwa ya mama hayana nyingi. Lakini kuchomwa B komplexi kwa sababu ya uchovu ni kujitafutia jipu, na B1 ikiingizwa mshipani haraka huweza kuleta mshtuko wa mzio. Uchovu wa wiki tatu unataka kipimo cha damu.

B12 nimeitaja, niimalize: haimo katika mboga yoyote. Inatoka kwa samaki, nyama, mayai, maziwa. Akiba ya ini inadumu miaka, kwa hiyo upungufu unachelewa kuonekana. Mwenye kisukari anayemeza metifomini muda mrefu aiulizie akianza ganzi. Foliki nyingi inaweza kurekebisha damu yake huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimya kimya.

#11 Mvuvi_Idjwi

Hapo kwenye B12 niitetee sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani. Ililetwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiyo nyama ya asiye na pesa. Ukila nzima, kichwa na mifupa, unapata B12, na kalisi ya mifupa juu yake. Kwa mtoto wa miezi sita kuendelea: kausha vizuri, kaanga bila mafuta hadi zikatike kwa vidole, twanga, chekecha, kisha tia kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji ukiwa bado motoni. Ukiacha kuchekecha, mifupa inamkwama. Zenye ukungu au zinazonuka mafuta yaliyochacha usizinunue hata zikishushwa bei.

Halafu iodini. Najua si vitamini, lakini kisiwa chetu kiliumia sana nayo. Miaka ya 1960 watafiti wa kituo cha sayansi cha Lwiro walikuta kaskazini mwa Idjwi watu wengi mno wenye rovu na watoto waliozaliwa na akili na mwili uliodumaa, na muhogo ukaonekana kuwa mchangiaji: sianidi yake isipoondolewa inageuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia iodini isiingie kwenye tezi. Kwa hiyo muhogo uloweke siku tatu na uukaushe vizuri, na chumvi iwe ya iodini, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na jiko. Itie mboga ikishaiva, kwa sababu mvuke unaiondoa.

#12 JikoLaNyawera

Mvuvi amesema kweli. Mimi nimebakiwa na D. Mji wetu una baridi, na mtoto mchanga anafungwa vitenge mpaka pua. D inatengenezwa na ngozi ikipigwa na jua lenyewe. Jua la kupitia kioo cha dirisha halifai. Mtoe asubuhi, miguu na mikono wazi, dakika kumi na tano hivi, uso ukiwa kivulini. Miguu ikipinda akianza kutembea, vifundo vya mikono vikanenepa, hayo ni matege, na kwa watoto wetu wa bugali na mboga kalisi nayo mara nyingi imepungua. Apimwe, na sambaza ya Mvuvi iingie kwenye uji.

#13 Kijana_wa_Essence

Yaya Farmasi, siropu ya multivitamini ikishafunguliwa inakaa muda gani? Na ile inayouzwa juani kando ya barabara?

#14 Farmasi_Ibanda

Ya juani iache hapo hapo. Mwanga unaharibu B2 na A, joto linaharibu C, na tarehe iliyoandikwa kwenye boksi inahesabu chupa iliyokaa pabaridi na gizani. Ukiinunua farmasi, andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua, fuata muda ulioandikwa kwenye karatasi ya ndani, na ikibadilika rangi au harufu mwaga. Pima kwa kijiko chake cha mililita 5, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani.

#15 LisheKadutu

Wenye watoto chini ya miaka mitano, chukueni kadi ya kituo cha afya sasa hivi. Tafuteni mstari wa vitamini A, tazameni tarehe ya mwisho, hesabuni miezi 6. Kama imepita, hamhitaji kusubiri kampeni: nendeni siku ya chanjo mkaulize. Kama kadi imepotea, semeni hivyo kabla ya mtoto kupewa, na mtaje mwezi mnaoukumbuka, ili asipewe dozi mbili ndani ya mwezi mmoja.